Kengele Iliyofagiwa

Litapunga, 12 Aprili 2025

Kwa mke wangu mdogo Odeta, huko Dodoma,

Umeamkaje huko kwenye upepo? Unakula? Mimi babu yako ni mzima, goti la kushoto tu ndilo linalotangaza mvua kabla ya redio. Dada yangu Ernestine naye mzima, anasema hapana kwa kila kitu, ndiyo dalili ya uzima wake. Karanga zimekubali mwaka huu.

Nakuandikia kwa mkono wangu. Najua kaka yako ana simu na wewe unayo. Lakini mimi kusoma nimejifunza nikiwa tayari na wajukuu, kwenye darasa la watu wazima, wenzangu wote wakakimbia nikabaki mimi na mwalimu. Sasa niache kalamu ikauke? Barua hii kondakta wa basi ameniapia mbele ya abiria kwamba itafika.

Habari ni hii. Tulikwenda Kabungu kwa mzee Luhende kumposea kaka yako Jean Bosco yule binti Nyamizi, anayeuza mchele soko la Mpanda. Unamjua Luhende, Msukuma aliyekuja na ng'ombe wake kutoka kaskazini. Kiswahili anacho, lakini ni cha mnadani. Jambo zito analisema Kisukuma. Na Ernestine jambo zito halimwingii ila kwa Kirundi. Sasa hapo katikati atakaa nani? Mimi. Katika kata yote hakuna mwingine. Nimewatafsiria mapadre, nimewatafsiria mabwana shamba, na siku sisi tuliotoka Burundi tulipopewa uraia afisa alinishika mkono akasema mzee, bila wewe tungelala hapa.

Basi nilitafsiri vizuri sana, na mambo yakaharibika vibaya sana. Luhende alisema ng'ombe. Ernestine akasimama: "Huyu ameanza na ng'ombe kama yuko mnadani, hata kuuliza tumelalaje hajauliza. Mtoto wetu haingii nyumba hiyo." Luhende naye akatazama chini, na wakati wa kuondoka hakutusindikiza. Yeye akasirike kwa nini? Si yeye aliyetaja ng'ombe?

Kaka yako hali. Mimi nikikaa nasimama, nikisimama natembea mpaka kwenye karanga, nikifika sijui nilifuata nini. Mwambie ale, wewe anakusikia.

Na ile kazi yako ya mabano inaisha lini?

Ni mimi babu yako Severini,
mfasiri wa lugha tatu.


Dodoma, 21 Aprili 2025

Kwa mume wangu mzee Babu Severini,

Shikamoo Babu. Goti limeamkaje? Mpe Bibi Ernestine shikamoo yangu, akisema hapana mwachie mlangoni. Mimi ni mzima, nakula, ila usingizi ni wa kuokoteza.

Kondakta wako kweli mwaminifu. Alinipigia simu nikaifuate stendi, akaniambia, "Babu yako amesema nikiipoteza atanifuata mpaka gereji."

Umeuliza kazi yangu. Kuna lugha ya kompyuta ya zamani inaitwa Lisp. Ina watoto wengi, na mimi nashughulika na mtoto wake mmoja. Katika ukoo huo kila jambo linafungwa kwenye mabano, na mabano yanakaa ndani ya mabano mengine, kama vikapu ndani ya vikapu. Sasa mashine haielewi vikapu. Inahitaji mfasiri. Huyo mfasiri anaitwa kompaila, na wangu nimemtengeneza mwenyewe.

Lakini Babu, mfasiri huyu hatoki Kirundi akaruka mpaka Kisukuma kwa pumzi moja. Anapita kwenye lugha ya kati. Hakuna mtu anayeiongea, hata mashine haiiongei. Ni ya mfasiri peke yake, kichwani mwake. Humo anafungua vikapu vyote, kila kitu kidogo anakipa jina lake na mstari wake, kimoja baada ya kingine. Halafu anapanga, anafagia, ndipo anaitamkia mashine.

Kompaila nyingi zinaficha hapo katikati. Mimi nimetengeneza dirisha. Naandika mabano yangu, nabonyeza, naona lugha ya kati palepale. Nabonyeza tena, anasogea hatua moja tu, naona kilichobadilika. Nikitilia shaka narudi nyuma. Naweza kuushika mstari mmoja nikauuliza, wewe umetoka kwenye kikapu gani? Unanionyesha. Mwezi wa sita nasimama mbele ya walimu kulionyesha, na kwa sasa kuna kitu kinapotea humo ndani, sijui ni wapi. Ndiyo maana silali.

Jean Bosco alinipigia. Anasema Luhende aliongea muda mrefu kabla hujafungua mdomo. Alisema nini chote hicho?

Mjukuu wako na mkeo mdogo,
Odeta.


Litapunga, 3 Mei 2025

Mke wangu Odeta,

Salamu za huku ni nyingi, nakupa chache maana karatasi imebaki moja. Afya ipo. Goti limenyamaza kwa kuwa mvua zimeondoka. Wewe lala, mwanamke asiyelala anazeeka mbele ya mume.

Nimeisoma barua yako mara nyingi, hiyo ya vikapu. Nimecheka. Serikali inakusomesha miaka yote hiyo ukafanye kazi ambayo babu yako anaifanya bure! Mfasiri! Ungeniuliza mimi ningekufundisha hapa kwenye benchi.

Sikiliza siri ya kazi. Mtu akiongea sana, mfasiri mzuri anakamua. Kama karanga. Mafuta unayapeleka, mashudu unayaacha. Luhende alianza kuongea chai ina moshi, akamaliza ina utando. Mimi nikamwambia Ernestine: "Anataka ng'ombe kumi na wawili." Ernestine akaniuliza, "Mtu ameongea mpaka chai imepoa, wewe umesema neno moja?" Nikamwambia hayo mengine alikuwa anasalimia. Na ni kweli, alikuwa anasalimia. Maneno ya kujaza, hayana jibu, hayabadilishi ng'ombe awe mmoja zaidi au mmoja pungufu. Mapadre walinipendea hilo, Misa ilikuwa inaisha mapema.

Kwa hiyo kosa si langu. Kosa ni la Luhende hana adabu, na la Ernestine hana uvumilivu.

Kaka yako ameondoka. Amekwenda Magamba kufyatua tofali na vijana wenzake, pikipiki ameichukua. Nyamizi amemtumia ujumbe kwamba kuna mposaji mwingine, wa upande wa Tabora, mwenye zizi, atafika baada ya mavuno. Jean Bosco anasema siku huyo akija yeye anakwenda machimboni, na tusimtafute. Nimekwenda Magamba kumwona. Hakuzima hata redio. Nimerudi, nikaenda tena. Miguu inanitoka yenyewe.

Babu yako Severini,
anayekamua.


Dodoma, 12 Mei 2025

Babu yangu,

Shikamoo. Natumaini umekaa unapoisoma hii. Kama umesimama, kaa.

Nimekipata kilichokuwa kinapotea, nataka nikuonyeshe na wewe, kwa sababu wewe ni mfasiri na utaona. Niliandika kitu kidogo kabisa:

(fanya
  (piga-kengele)
  (jumlisha 2 3))

Maana yake, piga kengele, kisha jumlisha mbili na tatu, uniletee jibu. Jibu likaja, tano, sahihi. Kengele haikulia. Nikarudia, nikabadilisha spika, nikamlaumu aliyeniuzia kompyuta. Jibu sahihi kila mara, na kimya.

Ndipo nikakaa dirishani nikaenda hatua moja moja. Hatua ya kwanza lugha ya kati ilikuwa hivi:

a = piga-kengele
b = jumlisha 2 3
rudisha b

Kengele ipo. Nikabonyeza, ipo. Nikabonyeza tena, ikafika hatua ninayoiita kifagio, na nikaona:

b = jumlisha 2 3
rudisha b

Imefagiwa! Kifagio changu kinauliza kila mstari: je, kuna mwingine chini yako anayetumia jibu lako? Kama hakuna, toka. Sasa nani anatumia jibu la kengele? Hakuna. Basi ikatoka. Lakini Babu, kengele haipigwi ili itoe jibu. Inapigwa ilie. Wewe unagonga ile rimu ya gari, kengele ya pale kanisani, kila Jumapili. Ukimaliza inakupa nini? Hakuna. Ila watu wanakuja.

Sasa nisikilize, usinikate. Nyamizi alikuwa jikoni, na Kisukuma ni lugha yake. Amemwambia Jean Bosco kwamba baba yake alianza na marehemu baba yetu, na kwamba aliomba kitu kifanyike, akangoja, hakuna aliyeinuka. Ndiyo maana alitazama chini.

Babu, tangu tumzike Baba sijakusikia ukilitaja jina lake. Sikulaumu. Nakuomba tu uyapange maneno ya Luhende kama nilivyopanga mistari yangu, moja moja, kabla ya kufagia. Hata yale yasiyo na jibu. Kwanza kabisa alisema nini?

Mjukuu wako,
Odeta.


Litapunga, 17 Mei 2025

Odeta,

Mimi mzima.

Mimi si mashine. Mimi sichunguliwi dirishani na mtoto niliyemlisha uji kwa kidole. Nimetafsiri kabla mama yako hajazaliwa na hakuna aliyenirudisha nyuma hatua moja. Kama Nyamizi anajua Kisukuma sana angetoka jikoni akatafsiri yeye.

Usiniulize tena jambo hilo.

Severini.


Dodoma, 31 Mei 2025

Babu shikamoo,

Sijapata barua nyingine. Nilimpigia kondakta, akasema hukumpa kitu. Goti linaendeleaje? Ernestine mzima? Jean Bosco anasema ulikwenda Magamba ukasimama upande wa pili wa barabara ukamwangalia akifyatua tofali, halafu ukaondoka bila kuvuka.

Karanga mmezivuna?

Mjukuu wako,
Odeta.


Dodoma, 19 Juni 2025

Shikamoo Babu,

Leo nimesimama mbele ya walimu. Nimepita. Mmoja wao aliomba kujaribu mwenyewe, akaandika mabano yake, akabonyeza hatua kwa hatua, akarudi nyuma, akaenda mbele, kiti kikamshinda akawa anasimama. Kengele ililia ukumbini, watu wakacheka.

Kifagio nimekirekebisha. Kila mstari unaogusa ulimwengu wa nje nimeuwekea alama. Hata kama jibu lake halitakiwi na yeyote, kifagio kikiona alama kinapita pembeni. Ilinibidi nikiri kwamba kifagio kilikuwa hakijakosea. Kilifanya vile nilivyokifundisha. Mimi nilikuwa sijakiambia kwamba kuna vitu havina jibu lakini vina kazi.

Sitakuuliza tena la Luhende. Ni lako. Nataka tu kujua kama unakula.

Mkeo mdogo ambaye hajazeeka,
Odeta.


Litapunga, 6 Julai 2025

Kwa mke wangu mdogo Odeta, msomi aliyepita,

Hongera, na salamu kutoka kwa watu wote wa hapa, hata wale uliogombana nao utotoni. Nimewatangazia kanisani. Nimewaambia kazi ya ufasiri iko kwenye damu, na damu yenyewe ni hii. Ninakula. Goti limepona nusu, nusu nyingine nimeizoea. Karanga tumezivuna na tumezipukuchua, za kwako nimezitenga kabla Ernestine hajaziona.

Sikukosea pale Kabungu. Hilo tuliweke mbele. Nilitafsiri kama ninavyotafsiri siku zote.

Lakini watu walipoanza kuvuna mahindi nikawa siwezi kukaa. Nikikaa ile kengele yako inanijia. Nilikwenda kugonga rimu Jumapili, nikasimama na chuma mkononi, nikajiuliza nani anatumia jibu la hii. Watu wananitazama. Mzee mmoja akasema, "Severini, umesahau inavyogongwa?" Nikagonga mpaka wakaniambia inatosha.

Jumatatu nikapanda darini. Kule kuna kigoda cha miguu mitatu, unakijua, alikichonga yeye mwenyewe na mguu mmoja mfupi, tukamcheka. Nilikipandisha siku ya matanga na sikukiteremsha tena. Nikakifuta vumbi. Ernestine akaniuliza, "Hicho unakipeleka wapi?" Nikamwambia, "Wewe vaa, tunakwenda Kabungu." Akasema hapana. Nikamwambia, "Haya, baki." Akavaa.

Tukapita Magamba. Safari hii nilivuka barabara. Nikamwambia Jean Bosco, "Washa pikipiki." Akasema, "Babu, kwenda kufanya nini? Wamekwisha kutukataa na nyie mmekwisha kuwakataa." Nikamwambia, "Washa, sikukuomba hotuba." Akampakia Ernestine, mimi nikachukua bodaboda nyingine, kigoda nimekipakata. Dereva anasema mzee kifunge nyuma, nikamwambia kiendeshe chombo chako, hiki ni changu.

Luhende alikuwa uani ananoa panga. Hakuinuka. Mkewe ndiye aliyetukaribisha. Mimi sikumsalimia mtu. Nikatembea mpaka katikati ya ua, nikakiweka kigoda chini, kikayumba kwa ule mguu mfupi, nikatafuta kijiwe nikauegemeza. Hapo Luhende akaweka panga chini akasimama.

Nikamwambia kwa Kisukuma, "Sema tena. Kama siku ile. Ila safari hii sema kidogo, unyamaze, nitafsiri, ndipo uendelee. Mstari mmoja mmoja." Akaniuliza, "Wote?" Nikasema, "Wote."

Akaanza. Akasema: Nilipofika Katavi na ng'ombe wangu hakuna aliyenikaribisha, na sikuwalaumu. Nikamtafsiria Ernestine. Akasema: Kijana mmoja wa Kirundi alinionyesha kisima chake, akanywa yeye kwanza, akanipa kata. Nikatafsiri. Akasema: Mwaka ule binti yangu alipata degedege na mto umejaa, kijana yuleyule alimfunga kwenye keria ya baiskeli kwa kanga, akamfikisha hospitali Mpanda, akashinda naye huko mpaka alipoomba uji. Nikatafsiri. Nyamizi alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko na sufuria mkononi, kaka yako anamwangalia kama hajawahi kumwona.

Kisha Luhende akasema: Kabla hatujasema neno la ng'ombe naomba mumletee kiti, akae na sisi, kwa sababu huyu binti ni yeye aliyemleta hapa. Jina lake.

Akalitaja.

Mimi nikainama, nikakiweka sawa kile kijiwe chini ya mguu mfupi. Si kwamba nilikosa neno, jina halitafsiriwi. Ernestine akangoja. Akasema, "Severini. Amesema nani?"

Nikasema, "Gratien."

Nikalirudia, maana dada yangu masikio yake siku hizi si mazuri. Nikasema, "Anasema mwanangu Gratien apewe kiti."

Ernestine akakitazama kigoda. Akalia kwa sauti kama siku ya msiba, na Luhende akavua kofia akakaa chini, si kwenye kiti, chini kwenye vumbi. Mimi nilibaki nimesimama. Mtu wa katikati hakai.

Ng'ombe tukawazungumza baadaye. Luhende akasema ni wale wale kumi na wawili, ila si bei, ni ili watu wasiseme Nyamizi ametolewa kama kuku wa mgeni, na kwamba tulete tukiweza, hata mmoja mmoja mpaka wajukuu. Maneno hayo pia aliyasema siku ile. Nilikuwa nimeyakamua. Ernestine akasema ndiyo. Nakwambia, ndiyo, kwa mdomo wake! Luhende akanigeukia aulize nimetafsiri sawa, maana kwao wamezoea hapana zake.

Yule wa Tabora ametumiwa salamu abaki na zizi lake.

Wakati wa kutusindikiza Luhende akaniuliza, hii ya mstari mmoja mmoja umejifunza wapi? Nikamwambia ni njia yangu ya siku nyingi, sema sijapata watu wa kuistahili.

Kigoda nimekiacha kwao. Wamekiweka sebuleni, hakuna anayekikalia. Kaka yako amerudi nyumbani, anakula mpaka tunamficha karanga. Harusi ni mwezi wa tisa, na kuna Wasukuma wengi watakaoongea sana. Njoo. Hilo dirisha lako uje nalo, Luhende anataka kuona kengele, na mimi nataka nikione kifagio hicho kwa macho yangu, nikipe mawaidha.

Lala mapema.

Ni mimi babu yako,
Severini, baba yake Gratien.